Nashtuka usiku kutafuta pumzi, nikikaa kitako napata nafuu

Mpishi wa Tudor
Assalaam aleikum jamaa. Nina miaka 54, nauza mahamri na mbaazi hapa Tudor, Mombasa, mlangoni kwangu. Wiki ya tatu hii sijui usingizi. Nalala saa nne, na ikifika saa sita au saa saba usiku nashtuka kama mtu aliyezamishwa majini. Pumzi haiingii. Nakaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, nashika nondo za dirisha, na baada ya kama robo saa hivi napata nafuu. Nikijilaza tena, inarudi. Mwanzo nililalia mto mmoja, sasa ni mitatu, na juzi nililala kwenye kochi nimeegemea.

Mama mkwe anasema ni jinamizi, nisomewe. Nimesomewa, Mungu amjazi aliyenisomea, lakini jana imerudi. Kliniki niliyokwenda nilipewa dawa ya kikohozi, na hata presha sikupimwa. Presha ninayo tangu 2016. Tembe zilikwisha Ramadhani, nami sikununua nyingine kwa kuwa sikuwa naumwa popote. Je, yaweza kuwa pumu ya ukubwani? Maana moshi wa mkaa nimeuvuta miaka mingi.

Fundi wa Kisauni
Waaleikum salaam mamangu. Pumu mimi ninayo, na ni kweli inapenda usiku. Lakini yangu huja karibu na alfajiri, saa tisa au saa kumi, na huanza na kikohozi kikavu, kisha kifua kinalia filimbi. Kukaa kitako pekee hakunitoi, mpaka nivute inhela. Masika ndiyo mabaya zaidi: nyuma ya kabati langu ukuta ulikuwa umeota ukungu mweusi, na godoro limejaa vumbi. Nilipolitupa lile godoro nikaona tofauti. Wewe kifua kinalia?

Mke wa dereva, Bombolulu
Bwanangu naye alikuwa akishtuka, ila yake ilikuwa kukoroma. Anakoroma nyumba nzima isikie, mara kimya, nahesabu mpaka ishirini, kisha anakurupuka akitweta. Akivuta pumzi mbili tatu ashalala tena, na asubuhi hakumbuki. Mchana anasinzia hata kwenye feri. Hospitali walisema koo linajiziba akiwa usingizini, na sasa analala na mashine inayosukuma hewa puani. Dada, muulize anayelala nawe kama unakoroma. Na kama unaamka na uchungu mdomoni baada ya kula usiku sana, huenda ni asidi inayopanda kutoka tumboni.

Nesi mstaafu, Likoni
Dada yangu, hiyo mito mitatu ndiyo iliyonifanya niandike haraka. Jinamizi humkaba mtu asiweze kuinuka. Wewe unainuka, na kuinuka ndiko kunakokupa nafuu. Dalili hii hutufanya tuufikirie moyo kwanza.

Presha ikikaa juu miaka, moyo huchoka kusukuma. Mchana, maji hushuka miguuni. Ukilala, yale maji hurudi kwenye damu, moyo unalemewa, na mapafu yanaanza kujaa. Ndiyo maana haikukamati unapojilaza tu, inangoja muda wa saa mbili au tatu. Ukikaa miguu chini, mzigo unapungua.

Fanya hivi sasa hivi: bonyeza kidole juu ya mfupa wa muundi, karibu na kifundo, uhesabu mpaka kumi, uachie. Shimo likibaki, ni maji. Lisipobaki, bado nenda. Nenda leo, usingoje Jumatatu. Hospitali ya Coast General ni karibu nawe. Waambie yote kama ulivyotuandikia, na uwatajie tembe ulizoacha. Watapima presha, umeme wa moyo, picha ya kifua, na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ikiwezekana. Waangalie na damu na figo, kwani upungufu wa damu na figo mbovu navyo huleta haya. Usijipe tembe mbilimbili kufidia. Ukianza kutoa povu la rangi ya waridi, au kifua kikabana, usisubiri kuche.

Ndugu wa Kisauni hakukosea, pumu yawezekana pia. Lakini moyo ndio wa kupimwa kwanza.

Mpishi wa Tudor
Nimebonyeza. Shimo limebaki, punje ya mbaazi inakaa ndani. Nami nilidhani viatu vimenibana kwa kusimama. Mwanangu ameshaleta tuktuk.

Mpishi wa Tudor (baada ya siku sita)
Nimerudi nyumbani jana. Presha ilikuwa 190 juu ya 110, na picha ikaonyesha maji mapafuni. Nilidungwa dawa ya kutoa maji, usiku ule wa kwanza nilikojoa mpaka nikachoka kuhesabu. Eko imeonyesha moyo umetanuka. Nimepewa tembe nne za kila siku, na achari nimeambiwa niiache kwa ajili ya chumvi. Nesi wangu, Mungu akuweke. Mama mkwe ndiye anayenihesabia tembe, anakuja na maji kila asubuhi kabla sijawasha jiko. Usiku wa jana nimelala na mto mmoja, nikaamshwa na adhana.