Tupeane uzoefu: Tunaocheza EVE Online Nakuru, Kisumu na Magharibi, utamu uko wapi na uchungu uko wapi?

Mchimbaji_Lanet (Nakuru):
Wadau, hamjambo. Kila nikikutana na mtu wa huku anayecheza EVE, ananiambia alidhani yuko peke yake. Basi tukae hapa tusimuliane.

Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa anga za juu wa kampuni ya CCP iliyoko Reykjavik, Iceland. Ulitoka Mei 2003. Michezo mingi huwagawa watu katika seva nyingi, lakini huu umewaweka karibu wachezaji wote wa dunia kwenye seva moja iitwayo Tranquility, ndani ya ulimwengu wenye mifumo ya nyota zaidi ya 7,000. (China ndiyo yenye seva yake.) Kwa hiyo Mjerumani anayekuvizia langoni na Mrusi anayekuuzia risasi wote mko mahali pamoja.

Kilichonivuta mimi ni kwamba kitu kikipotea kimepotea. Meli ikilipuliwa hairudi. Bima inakulipa sehemu tu, na vifaa ulivyofunga juu yake havilipwi kabisa. Ndiyo maana hata kuchimba mawe ya Veldspar kwa kimeli kidogo cha Venture kunautwanga moyo. Macho yangu hayabanduki kwenye orodha ya majina ya walioko kwenye mfumo. Jina geni likiingia, nachungulia rada, naona meli ya kivita iko karibu, na papo hapo naamua: nimalizie kujaza mawe au nitoroke? Hakuna mchezo mwingine ulionitetemesha mikono hivyo kwa sababu ya mawe.

Jambo la pili ni letu sisi wa mbali. Michezo ya kufyatuliana risasi hututesa kwa sababu seva nyingi ziko mbali nasi na amri zetu hufika zimechelewa. EVE hupiga hesabu zake kila sekunde 1. Ukichelewa sehemu ndogo ya sekunde huku Nakuru, mwenzako wa London hakupiti kwa lolote la maana. Hapo tuko sawa, na hilo nalithamini sana.

Haya, semeni yenu.

Mama_Soko (Kisumu):
Asante kaka kwa kuanzisha. Mimi sipigani, mimi ni mfanyabiashara. Meli karibu zote mnazolipuliana zimeundwa na wachezaji, kwa madini yaliyochimbwa na wachezaji, zikauzwa na watu kama mimi. Soko kubwa ni Jita, na kwangu Jita ni soko letu la Kibuye siku ya Jumapili: makelele, kusukumana, na matapeli katikati ya watu waaminifu. Utapeli wa humo sheria za mchezo zinauruhusu, kwa hiyo mkataba usomwe hadi sifuri ya mwisho. Kuna wanaoandika bei ya milioni mia pale ulipotarajia milioni kumi, wakitegemea haraka yako.

Watoto wakilala, nafungua jedwali langu. Naangalia nani kashusha bei ya madini ya Tritanium, nani ananunua kwa wingi. Miungano mikubwa ya wachezaji ikianza kutishiana vita, bei ya risasi na meli hupanda kabla hata ya kombora la kwanza, na aliyeweka akiba mapema hula. Nimejifunza humo mambo ya bei na subira ambayo nayatumia dukani kwangu.

Uchungu wangu ni njia ya kupitia mfumo wa nyota wa Uedama. Eneo hilo linaitwa la usalama, lakini polisi wa mchezo, CONCORD, hawazuii kosa. Wao huadhibu baada ya kosa. Genge likija na meli za bei rahisi, linakubali kuzipoteza zote mradi mzigo wako umwagike. Nimeona shehena yangu ya miezi ikipasuka mbele yangu, washambuliaji wote wakauawa na CONCORD, kisha mwenzao mmoja akaja taratibu kuokota kilichosalia. Nililia, nasema kweli. Kesho yake nilirudi sokoni.

Kabras_Rubani (Kakamega):
Mimi tatizo langu ni stima. Ikipotea, meli hujaribu kujirusha yenyewe kwenda mbali, kama kilomita milioni 1, halafu baada ya muda mfupi inatoweka angani. Lakini kama adui amekwishakushika kwa kifaa chake, hairuki, na kama mlikuwa mkipigana inaweza kubaki pale hadi dakika 15 bila nahodha. Mvua ya jioni ya huku mnaijua. Ngurumo ya kwanza tu, natia nanga kituoni.

Nyota_ya_Elgon (Bungoma):
Niko kwenye muungano wa maeneo yasiyo na polisi, na utamu wote kwangu ni watu. Kuna sauti nazijua vizuri kuliko za majirani wengine, na sijawahi kuziona sura.

Ila saa! Mchezo hufuata saa ya UTC, nyuma yetu kwa saa 3. Wakisema kikosi kinatoka 20:00, huku ni saa tano usiku, na vita vikubwa haviishi upesi. Watu wakijaa sana, seva hupunguza mwendo wa muda hadi asilimia 10, ili isianguke. Unabonyeza bunduki, unasubiri. Unasubiri tena. Lile pigano la mfumo wa B-R5RB la Januari 2014, ambalo chanzo chake kilikuwa malipo ya umiliki wa mfumo kutofanyika, lilichukua takriban saa 21 na Titan 75 zikateketea. Hizo ndizo meli kubwa kuliko zote. Mtu mwenye kazi asubuhi anafanyaje? Mimi huomba ruhusa kwa kamanda saa nane za usiku, na makamanda wazuri huelewa.

Aliyepumzika (Kisumu):
Mimi niliacha. Ujuzi wa mhusika wako hujifunzwa kwa muda halisi, hata ukiwa umezima kompyuta, na ngazi ya tano ya ujuzi mmoja yaweza kula wiki kadhaa. Ada ya mwezi ni dola 19.99 tangu 2022. Wanaosema ulipe kwa PLEX, bidhaa ya ndani ya mchezo inayolipia ada, uliyonunua kwa ISK, yaani pesa za mchezo, hawakosei, ila kuzitafuta ISK hizo kunageuka ajira ya pili. Nilikuwa narudi kutoka kazini naingia kazini. Marafiki wa humo ndio ninaowakosa.

Mgeni_Section58 (Nakuru):
Nataka kuanza wiki hii bila kulipa. Yawezekana? Na nichague taifa lipi kati ya yale manne?

Mchimbaji_Lanet (Nakuru):
Karibu ndugu. Yawezekana tangu Novemba 2016: akaunti ya bure inaitwa Alpha, ina mipaka ya meli na ujuzi, lakini kuchimba, kupigana na kufanya biashara ndogo utaweza. Amarr, Caldari, Gallente au Minmatar, chagua unayoipenda kwa macho, maana baadaye waweza kujifunza kurusha meli za taifa lolote. Usianze saa nane mchana, ndipo seva hufungwa kila siku kwa matengenezo. Nitumie jina la mhusika wako, nitakuletea Venture mbili hadi kituo chako cha kwanza.

Mama_Soko (Kisumu):
Na mimi namwekea ISK za kununulia mitambo ya kuchimbia. Mwambie asizibebe Jita.