Naomba ushauri: mtoto wa mbwa na mbwa mzee katika ua mmoja

Ndugu zangu, heshima kwenu. Ninaishi Mikindani, Mtwara, na mbwa dume wa miaka 11 aliyenilindia mikorosho tangu ujana wake, na wiki iliyopita nimepokea mtoto wa mbwa jike mwenye wiki 9. Ninafahamu kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mbwa huzoea watu, sauti na wanyama wengine kwa urahisi zaidi. Lakini chanjo zake hazijakamilika, hivyo nasita kumshusha chini mahali wanapopita mbwa nisiowajua, na badala yake ninambeba mikononi kila jioni ili azoee bodaboda, adhana na watoto watokao madrasa.

Tatizo kubwa liko nyumbani. Mzee, ambaye nyonga zinamuuma, hunguruma mdogo anapomrukia, nami simkaripii kwa kuwa naona anamwonya tu. Hata hivyo juzi, wakati wa kula, alimbana shingoni hadi akalia, nami moyo wangu haujatulia tangu hapo. Je, niwatenge kila wanapokula, na hadi lini? Naomba waliowahi kulea wawili wa namna hii wanieleze walivyofanya.