Punda wa kuuza: kwenye picha anatoka kichwa kikubwa, miguu mifupi

KijanaWaMatondoni
Assalaam alaykum. Huku kwetu Matondoni, kisiwani Lamu, tuna punda dume wa baba, wa kijivu, mwenye ule msalaba mweusi uliokolea mabegani. Tunataka kumuuza kabla ya Ramadhani. Wanaomuulizia wako Siyu na Faza, kule kisiwa cha Pate, na kila mmoja ananiambia, "Nitumie picha kwanza." Nampiga kwa simu, lakini anayetoka siye ninayemjua: kichwa kikubwa, miguu imefupika, tumbo limemshuka. Nikampeleka ufuoni Shela jioni, bahari ikatoka nzuri sana, lakini mtu wa Faza akauliza mbona kwato hazionekani. Nifanyeje? Kamera sina.

MchukuziLangoni
Waalaykum salaam mwanangu. Simu yatosha. Tatizo ni kwamba unamsogelea mno. Lenzi ya simu ni pana, na kilicho karibu nayo hukikuza. Ukisimama karibu na uso wake, pua itashinda matako kwa ukubwa. Rudi nyuma hatua sita saba, halafu vuta picha kwa vidole mpaka mara 2. Na uchuchumae. Punda wetu ni wafupi. Ukipiga umesimama unamtazama kutoka juu, na miguu haina budi kufupika. Simu iwe usawa wa tumbo lake.

Shela uache. Ufuo ule ni wa kupigia picha maharusi. Mchanga unameza kwato, na mnunuzi wa punda huanza kutazama chini kabla ya juu. Mlete mjini, pale mbele ya bahari, asubuhi mapema kabla majahazi hayajaanza kupakua saruji na mawe. Mji wa Lamu unatazama Manda, kwa hiyo jua huchomoza upande wa maji. Wewe ipe bahari mgongo, punda asimame sambamba na nyumba, jua limpige ubavuni. Ukichelewa mpaka alasiri, nyumba zimeshatia kivuli kote. Chagua ukuta mtupu. Ukimsimamisha penye mlango wa nakshi, watu watauliza bei ya mlango. Tena asiguse ukuta, kivuli chake kisije kikamwongezea mgongo. Ukuta ukiwa wa chokaa nyeupe, simu huona mwanga mwingi ikamtoa punda mweusi; mguse yeye kwenye kioo, rangi yake itarudi na msalaba utaonekana.

Sasa miguu, na hapa usione uvivu. Ule wa mbele ulio upande wako usogee mbele kidogo, wa nyuma ulio upande wako urudi nyuma kidogo, na ile miwili ya upande wa pili iingie ndani, ili yote minne ihesabike. Wauza farasi nao huwapanga hivyo hivyo. Atakataa mara ya kwanza. Mtembeze hatua mbili, msimamishe tena, usimsukume. Shogi, yale makanda ya mizigo ya mgongoni, na matandiko yote vua. Mtu mwingine asimame mbali mbele yake atikise pumba ndani ya ndoo, masikio yatasimama yenyewe.

Piga ubavu wa kulia, wa kushoto, mbele, nyuma. Kisha kama mgongoni ana kovu la shogi, lipige kwa karibu ulitume pamoja na zile nzuri. Mtu wa Faza anapanda boti kwa pesa yake kuja kumwona. Kovu alilolijua kabla ataliweka kwenye bei. Atakalolikuta hapa litamfanya ashuku hata meno.

BintiMkomani
Nakubaliana na Baba hapo juu, ila picha hazitoshi. Tuma na video fupi, punda akienda na akirudi kwenye sakafu ngumu, kamba imelegea, bila muziki. Muziki unaua mlio wa kwato, na mlio ndio unaosema kama hatua zinalingana. Atazame na kichwa: mguu wa mbele ukimuuma, punda hukiinua kichwa kila mguu ule unapokanyaga. Mfunue midomo pia upige meno ya mbele, ndiyo yanayosema umri. Ya kudumu hukamilika akikaribia miaka 5. Kwato zikiwa zimerefuka, mpitishe kwanza pale The Donkey Sanctuary, lile shirika linalotibu punda. Wako Lamu tangu 1987 na hawatozi kitu.

Mokowe_Jetini
Moja tu. Usipige picha inayoonyesha anapolala, wezi wasije wakapajua. Serikali ilipiga marufuku kuchinja punda 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo 2021, na ngozi bado ina soko. Mnunuzi asiyeuliza umri wala mzigo anaobeba, mwogope.

KijanaWaMatondoni
Allah awalipe nyote. Kumleta mjini asubuhi ile ni shida, kaka yangu ndiye huwa naye shambani. Hapa kwetu Matondoni haiwezekani?

MchukuziLangoni
Yawezekana, ila kwenu ni kinyume. Nyinyi mko upande wa pili wa kisiwa, basi subiri alasiri, jua likishaanza kuteremka. Pale mnapojengea mashua ardhi ni ngumu. Fagia maranda kwanza, nayo humeza kwato kama mchanga.