Naomba ushauri: mtoto aliyeathiriwa na pombe akiwa tumboni

Habari zenu wapendwa. Ninalea mtoto wa miaka 8 niliyekabidhiwa na ustawi wa jamii. Mama yake alikunywa pombe akiwa mjamzito, na daktari amesema ubongo wa mtoto uliathirika tangu tumboni. Ukimwambia “vua viatu, nawa mikono, njoo mezani,” anavua viatu kisha anasimama tu, kapotea. Nikimpa agizo moja moja, tena kwa picha ukutani, anaweza kabisa. Shuleni wanamwita mkaidi na kumwadhibu. Inaniuma, maana kesho yake hakumbuki hata kosa lenyewe. Sasa kuna mpango wa kumhamishia familia nyingine, naye mabadiliko madogo tu humvuruga. Mliopitia haya, nimwombe nini afisa ustawi kabla hajahamishwa? Na walimu niwaeleweshe vipi?