Naomba ushauri kuhusu herufi kubwa katika Kiingereza

Ndugu zangu, assalaam aleikum. Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na juzi barua yangu ya Kiingereza ilirudishwa ikiwa na maduara manane ya wino mwekundu, yote kwenye herufi kubwa.

Najua kwamba siku, miezi, lugha na lile neno “I” huandikwa kwa herufi kubwa popote yalipo, ilhali majira ya mwaka huanza kwa ndogo. Fort Jesus nayo hainisumbui: jina kamili lina herufi kubwa mbili, lakini “the fort” peke yake haina hata moja. Kinachonitatiza ni vyeo. Niliandika “the Captain” nikikusudia heshima, kwani sisi mkubwa hatumdogoshi, nikakosolewa, ingawa cheo hichohicho kikitangulia jina la nahodha hukubaliwa. Pande za dunia pia: “north” ninapotaja meli inakoelekea ni ndogo, ila North Coast, kule Nyali na Bamburi, ni jina la mahali.

Je, nifuate kigezo gani barua inapomtaja mkuu wa idara kwa cheo tu, bila jina lake? Walimu wa Kiingereza, naomba mnielekeze kwa mifano.