Pedi za kufua zinavuja pembeni na hazikauki: nibadilishe nini katika ushonaji?

Fundi wa Newala
Ndugu zangu, salamu. Mimi ni fundi cherehani, na tangu msimu wa korosho uliopita nimekuwa nikiwashonea wanafunzi wa kike pedi za kufua. Juu naweka flana, katikati matabaka manne ya taulo, chini kitambaa kisichopitisha maji, halafu mabawa mawili yenye kishikizo cha kubonyeza, na vyote nimevishona kuwa kitu kimoja. Wasichana wamenirudia na malalamiko mawili: damu hutokea pembeni, karibu na mabawa, ilhali sehemu kubwa ya pedi bado ni kavu, na mvua zikinyesha, pedi haikauki kwa siku moja, ikaanza kunuka uvundo. Huku kwenye uwanda wa Makonde wengi wetu tunanunua maji kwa ndoo, kwa hiyo siwezi kuwaambia wafue mara mbili. Je, niongeze taulo?

Mama Cherehani, Mtwara mjini
Usiongeze, fundi mwenzangu. Kila tundu la sindano kwenye kitambaa cha kuzuia maji ni mlango, na uzi wa pamba huvuta damu kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa. Nadhani ule mshono unaoshikiza taulo umeupitisha hadi tabaka la chini. Shona taulo kwenye flana peke yake, kisha tabaka la chini ulishike ukingoni tu, kwa uzi wa polista na mishono mirefu kidogo. Pini usitumie kabisa. Bana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kabla ya kumpa mtu, iweke pedi juu ya karatasi, mimina vijiko viwili vya chai vya maji polepole, ukalie, kisha uitazame karatasi.

Kijana wa Masasi
Samahani kuingilia mambo ya kina mama, lakini kwa nini wasipewe vikombe vya hedhi, vile vinavyovaliwa ndani ya uke kukinga damu? Leona Chalmers wa Marekani alipata hataza ya kikombe chake tangu 1937, na vya siku hizi vya silikoni huvaliwa kwa muda wa hadi saa 12 mfululizo.

Muuguzi mstaafu, Lindi
Mwanangu, kikombe ni kizuri, ila huchemshwa kati ya hedhi moja na nyingine, na anayekimwaga anahitaji mikono safi na choo chenye mlango unaofungwa. Turudi kwa fundi.

Kwa kawaida mwanamke hupoteza mililita 30 hadi 80 kwa siku zote za hedhi, kwa hiyo taulo lako halijapungua. Uvundo unatokana na kushona kila kitu pamoja, kwa sababu matabaka ya ndani hayapati hewa. Tengeneza ganda lenye mfuko, na ndani yake kitambaa kimoja kirefu kinachokunjwa, ambacho kikifunguliwa huwa tabaka moja tu na hukauka upesi. Ukikata kitambaa hicho mraba, chenye rangi ya kawaida, kikianikwa hakuna atakayekitofautisha na kitambaa cha kufutia uso; nalisema hili kwa kuwa wengi wetu tulifundwa kuficha, na tukaishia kuanika uvunguni mwa kitanda. Wafue kwanza kwa maji ya baridi, maana ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi.

Fundi wa Newala
Ahsanteni sana. Jana usiku nilifumua pedi moja, nikalimulika tabaka la chini kwa tochi ya simu, nikaona mistari mitatu ya vitundu inapitisha mwanga, na mmoja uko sawasawa kwenye mzizi wa bawa. Nimekwisha kata ganda la kwanza, lakini kitambaa cha ndani kinateleza kuja mbele msichana akitembea.

Mama Cherehani, Mtwara mjini
Mdomo wa mfuko uuache nyuma tu, na upana wake uzidi kitambaa kilichokunjwa kwa unene wa kidole kimoja, si zaidi.