Madogo wanasema kompyuta inadanganya rangi, nawafundishaje?

Ticha_Sanaa: Wakuu habari zenu. Nafundisha sanaa kidato cha kwanza, nina leptop moja na projekta ya kuazima. Juzi nikawafungulia simulesheni ya PhET (tovuti ya majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta) inaitwa Color Vision, ya bure na inafanya kazi hata bila bando ukishaipakua, wakavuta taa nyekundu na ya kijani mpaka mwisho ikatoka njano, darasa zima kelele. Kipindi kilichofuata tumetoa rangi za maji, wanachanganya nyekundu na kijani wanapata tope la kahawia. Kamoja kakasema "mwalimu kompyuta inadanganya". Niachane na skrini?

Brashi_Kavu: Usiache ticha. Skrini inaongeza mwanga, ukiwasha taa zote tatu, nyekundu, kijani na bluu, unapata nyeupe, ila rangi ya kopo inameza mwanga ndo maana kila ukiongeza inazidi kuwa giza. Chukua simu, fungua picha nyeupe tupu, dondoshea katone ka maji kadogo kabisa (kadogo kweli usije ukaua simu ya watu), wachungulie humo, wataona vidoti vya nyekundu, kijani na bluu. Weka picha ya njano, vya bluu vinazimika. Hapo hawabishi tena.

Mzee_wa_Mabango: Sisi wa printi hiyo ndo kesi ya kila siku, mteja analeta kijani inayong'aa kwenye simu, mashine yenyewe ina samawati, majenta, njano na nyeusi, bango likitoka limepoa anataka hela yake 😂 wafundishe mapema hao

dada_kanvasi: Mi naona kuchanganya waanze na brashi, skrini itumie kwa kitu inachokiweza zaidi, yaani rangi kubadilika kwa sababu ya jirani yake. Josef Albers, msanii na mwalimu wa rangi wa zamani, alikuwa anafundishia vipande vya karatasi, wewe una mausi. Chora boksi moja jeusi na moja jeupe, katikati ya kila moja weka kijivu ileile, waulize ipi imekolea. Wakishagombana vya kutosha mwambie mmoja avisogeze vile vijivu vigusane.

Ticha_Sanaa: Dada hiyo naijaribu Jumatatu. Ila projekta yangu inapausha kila kitu, nyeusi yenyewe inatoka kama jivu

dada_kanvasi: Basi izime, wape leptop kwa makundi, na mwanga wa skrini usiguseguse katikati ya zoezi